Kungoja Jawabu la Damu

Mtu wa Kitshanga akitaka kujua kama ana vijidudu vya Sida, na kama kituo cha afya hakikuishiwa na vipimo, hangoji sana. Muuguzi humchoma kidole, huchukua tone moja la damu, hulitia juu ya kipimo chembamba, huongeza tone la maji ya dawa, kisha wote wawili hungoja. Mstari mmoja ukitokea peke yake, ni dalili kwamba kipimo chafanya kazi yake na hakikuona kitu. Mistari miwili ikitokea, muuguzi huchukua kipimo cha namna nyingine apate kuhakikisha. Robo saa yatosha. Katika muda huo katekista hawezi hata kumaliza kuita majina ya watoto wa mafundisho.

Walakini sisi tuliokwisha kukaa juu ya benchi lile twajua ya kuwa robo saa hiyo si fupi. Macho hutazama ukuta, masikio husikiliza kila mlango unaofunguliwa, na mtu huhesabu mambo yake ya miaka kumi. Twataka kueleza hapa jinsi muda huo wa kungoja ulivyokuwa zamani, na jinsi ulivyopunguzwa kidogo kidogo. Maana kulikuwa na damu iliyongoja jawabu lake miaka 27, nayo ilikuwa damu ya nchi yetu ya Kongo.

Katika mwaka 1959, mwaka ulioanza kwa machafuko ya Léopoldville, mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Arno Motulsky, alifika Kongo kuchunguza damu za watu. Sida haikujulikana duniani hata kwa jina. Yeye alikuwa akitafuta habari nyingine kabisa: jinsi mambo fulani ya damu, ambayo mtu huzaliwa nayo, yanavyohusiana na malaria. Basi huko Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, damu ya mwanamume mmoja ilitiwa katika chupa ndogo pamoja na damu za wenziwe, ikapelekwa mbali, ikahifadhiwa katika baridi. Chupa ilibaki, jina la mwenyewe halikubaki. Mwaka 1986 wataalamu wengine walizitoa damu za zamani zilizokusanywa katika nchi mbalimbali za Afrika, zaidi ya chupa 1200, wakazipima. Katika zile za mwaka 1959 mkaonekana moja yenye alama za Sida. Mwaka 1998 wengine wakapata ndani yake vipande vya vijidudu vyenyewe. Hivi ndivyo yule mtu wa Léopoldville alivyopata jawabu lake, asipokuwapo mtu wa kupewa.

Baadaye likaja jambo jingine. Katika Kinshasa kulikuwa na kipande cha nyama ya mwili wa mwanamke, kilichokatwa mwaka 1960 na kuhifadhiwa katika nta kama waganga wafanyavyo. Kilipochunguzwa, habari zake zikatolewa mwaka 2008, vijidudu vyake vilionekana kuwa tofauti sana na vile vya mwaka 1959. Ndugu wawili wakitofautiana sana, twajua ya kuwa babu yao ni wa zamani. Kwa hesabu ya namna hiyo wataalamu walitambua kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kuenea kati ya watu karibu na mwanzo wa karne ya 20, baada ya vijidudu kutoka katika damu ya sokwe wa upande wa Kameruni na kumwingia mwanadamu. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha Kinshasa ya miaka ya 1920 kuwa mahali ulipopata nguvu, ukafuata reli na mito mpaka Mbuji-Mayi, Lubumbashi na Kisangani.

Wasomaji wengine huchukizwa wakisikia habari hizi, wakidhani twatukanwa. Sisi hatuoni tusi ndani yake. Mwanamume aliyetolewa kijijini kwake akapelekwa kufanya kazi mjini, mkewe akabaki mbali, hakujichagulia maisha yale. Hata reli haikuwekwa kwa shauri lake.

Sasa twende Yambuku, katika Équateur ya siku zile. Jina hili wengi walijua kwa ajili ya Ebola, nao hawakukosea. Palikuwa na misioni ya masista kutoka Ubelgiji, na hospitali ndogo. Katika Septemba 1976 ugonjwa usiojulikana ulilipuka hapo. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa, wakiwamo masista na wauguzi. Waganga waliokuja kuchunguza waliona kwamba kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu kwa kazi ya siku nzima, na sindano zile zilipita kutoka mgonjwa huyu kwenda kwa mgonjwa yule. Tunawaza mara nyingi juu ya sindano hizo tano. Masista wale walikuja kusaidia, wakafa katika kusaidia. Na sindano zao zikaua. Mambo haya mawili yote ni kweli, wala hatuwezi kulifuta moja ili tulinde jingine.

Waganga wakachukua damu za watu wengi wa vijiji vya pale, wapate kuujua ule ugonjwa mpya. Damu zile zikahifadhiwa. Karibu miaka kumi ikapita. Kipimo cha Sida kilipokwisha kupatikana, mtu akakumbuka: damu za Yambuku zingalipo. Zikapimwa 659. Tano zilikuwa na alama za Sida. Basi wataalamu wakarudi kuwatafuta wale watu watano. Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Wawili walikuwa wangali hai, tena wazima.

Fikirini habari ya wawili hao, ndugu wasomaji. Kwa miaka ile yote walilima, waliuza, walikwenda kusali, na jawabu lao limelala ndani ya chupa katika nchi ya mbali. Hawakungoja kitu, kwa maana hawakujua kama kuna kitu cha kungojwa. Tena liko neno jingine la kustaajabisha. Walipopima watu wa sehemu ile ile katika mwaka 1986, hesabu ilikuwa sawasawa na ya mwaka 1976: karibu watu 8 katika kila 1000. Katika muda ule ule, Kinshasa ugonjwa ulikuwa umepanda sana. Kumbe vijidudu vyaweza kukaa kijijini miaka kumi bila kuongezeka. Maisha ya mji ndiyo yaliyovipa mbio.

Habari za Kinshasa tutazipitia upesi. Mwezi wa Oktoba 1983 waganga kutoka Ubelgiji na Marekani walifika Hospitali Mama Yemo; mmoja wao alikuwa Peter Piot, yeye yule aliyekwenda Yambuku akiwa kijana. Munganga Kapita Bila, Mkongo, alikuwa amekwisha kuwaona wagonjwa wa namna hii katika vyumba vyake. Katika majuma matatu walitambua wagonjwa 38: wanaume 20 na wanawake 18. Hesabu hiyo ndogo ilikuwa na maana kubwa, kwa sababu huko Marekani watu walisema kwamba huu ni ugonjwa wa wanaume wa namna fulani tu. Mwaka 1984 kazi iliyoitwa Projet SIDA ikaanzishwa, mkuu wake wa kwanza akiwa Jonathan Mann. Kipimo cha damu kilikuwa bado; kiliruhusiwa Marekani mwezi wa Machi 1985. Kabla yake waganga walihesabu askari weupe wa damu, na kukisia.

Siku zile mganga alikuwa na shida isiyoelezeka. Jawabu analo mkononi, dawa hana. Amwambie mgonjwa, au asimwambie? Katika nchi nyingi watu wengi waliopimwa hawakuambiwa neno. Nao wananchi, wasipoambiwa kitu, walitunga mzaha: kwa herufi zile za SIDA wakatengeneza maneno ya Kifaransa yenye maana ya ugonjwa wa kuwaziwa tu, uliobuniwa kuwavunja moyo wapendanao. Watu walicheka, wakaendelea. Mwaka 1987 mwimbaji Franco Luambo alitoa wimbo wa kuwaonya wote, wakubwa kwa wadogo. Naye akafariki mwaka 1989. Projet SIDA ikavunjika mwaka 1991, askari walipoanza kupora mali katika Kinshasa.

Lakini desturi ya mtu kwenda mwenyewe kwa hiari yake, akapimwa na kupewa jawabu lake mkononi, ilipata nguvu kwa jirani zetu wa Uganda. Wao waliujua ugonjwa mapema, kuanzia mwaka 1982 huko Kasensero, kando ya ziwa Nyanza, wakauita kwa Kiingereza «Slim», yaani kukonda. Ng'ambo ya mpaka, katika Kagera ya Tanzania, wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983. Huko watu waliupa jina Juliana, kwa ajili ya nguo fulani iliyouzwa na wafanya biashara wa magendo. Siku hizi Watanzania na Wakenya husema ukimwi, na sisi wa Kongo tumebaki na Sida ya Kifaransa. Ugonjwa ni ule ule. Mwaka 1987 Mama Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikufa kwa ugonjwa huu baada ya kutiwa damu ya mtu mwingine hospitalini, alianzisha pamoja na wenzake chama cha TASO cha kuwasaidia wagonjwa. Na mwaka 1990 nyumba ya kupimia kwa hiari ikafunguliwa Kampala, iliyoitwa AIDS Information Centre. Wengi waliokuja walikuwa wachumba waliotaka kuoana.

Tazameni jinsi ilivyokuwa. Mtu alifika, hakuulizwa jina, alipewa namba. Mshauri alizungumza naye. Damu ikachukuliwa, akaambiwa: rudi baada ya majuma mawili. Kwa sababu gani majuma mawili? Kwa sababu kipimo cha siku zile kilihitaji mashini, na umeme, na damu nyingi kupimwa pamoja, kisha ile iliyoonyesha alama kupimwa tena kwa njia nyingine. Basi mtu alirudi nyumbani na namba yake katika mfuko. Na karibu robo ya watu hawakurudi kamwe. Walikuwa wamevuka mlango, wamesema siri zao, wamechomwa sindano. Jawabu likawa tayari, nao hawakuja kulichukua.

Je, tuwahukumu? Wako wahubiri waliowaita waoga. Sisi twasema hivi: mtu aliyetoka Mweso kwa miguu kuja kupimwa Kitshanga, akiambiwa arudi baada ya siku 14, sharti aache shamba tena, aombe ruhusa tena, na jirani wamwulize tena anakwenda wapi. Tena siku 14 ni usiku 14. Usiku wa kwanza moyo ni hodari. Usiku wa kumi moyo husema: ukijua, itakusaidia nini? Na katika miaka ile moyo ulikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa dawa ya kuleta uzima haikuwapo katika Afrika, ila kwa tajiri. Mwaka 1997 watu wa Kampala wakaanza kutumia vipimo vya upesi na kutoa jawabu siku ile ile. Hapo shida ya kutorudi ikaisha, maana hakuna aliyeambiwa aondoke.

Dawa zenyewe, zile namna tatu zinywewazo pamoja, zilionyesha nguvu zake katika mwaka 1996 huko Ulaya na Marekani. Kwetu Kivu, Médecins Sans Frontières walianza kuzitoa Bukavu mwaka 2003, wakati nchi haijapona vita. Wengine walisema haiwezekani: dawa hizi sharti zinywewe kila siku, je, mtu atazinywaje akiwa anakimbia? Jibu likaja upesi. Mwishoni mwa Mei 2004 mapigano yakaingia Bukavu. Waganga walikuwa wamejitayarisha, wakawapa wagonjwa dawa za akiba mikononi mwao, na wagonjwa wengi wakaendelea kuzinywa katika vita. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya la Dunia limeagiza kwamba kila aonekanaye na vijidudu apewe dawa mara moja, bila kungoja akonde. Leo anywaye dawa zake vizuri huishi miaka mingi, na vijidudu vikizidiwa kabisa katika damu hamwambukizi mwenzake wa ndoa.

Tumezungumza na wauguzi wa Masisi juu ya kukimbia. Kitshanga imeungua na kujengwa. Mwishoni mwa Februari 2013 jeshi na kundi la APCLS walipigana katikati ya mji, nyumba nyingi zikachomwa. Mungote, mahali pa wakimbizi, pakajaa tena watu. Tarehe 26 Januari 2023 M23 wakaingia. Mtu akikimbia hubeba mtoto, sufuria, na godoro akiweza. Mwenye dawa hutia kopo ndani ya nguo. Wengine huondoa karatasi ya kopo, ili mwenzake wa njiani asisome. Kisha afika Sake au Goma, na muuguzi wa huko ambaye hamjui amwambia: leta karatasi yako, au upimwe tena. Robo saa ile huanza upya. Na katika Januari 2025 mambo mawili yaligongana: Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, ile iliyonunua vipimo na dawa katika sehemu nyingi za Afrika, na juma moja baadaye vita vikaingia Goma yenyewe.

Hapa yatupasa kusema kosa letu. Zamani, katika parokia moja tuliyotumwa kufundisha wachumba, ilikuwa desturi kuwauliza karatasi ya damu kabla ya kuandika tangazo la ndoa. Nia ilikuwa njema. Siku moja, mbele ya wachumba wengine sita, tulimwuliza binti mmoja kwa sauti: ya mwenzio ninayo, yako iko wapi? Akanyamaza. Jumapili iliyofuata hakuja, wala baada yake. Kijiji kizima kikajipatia jawabu bila damu kupimwa. Hata hivi leo hatujui kama alikuwa amekwisha kupimwa au la. Nalo halikuwa shauri letu kulijua.

Sheria ya Kanisa inavitaja vizuizi vya ndoa, wala haikuhesabu Sida kati yake. Nayo sheria ya nchi, ya tarehe 14 Julai 2008, yakataza kumlazimisha mtu kupimwa na kuitangaza siri yake. Sisi tuliyajifunza hayo baadaye. Tulikuwa tumesoma Seminari, tukadhani twajua. Wachumba wa Kampala walipanga mstari mwaka 1990 bila padri kuwauliza karatasi, kwa sababu namba ilikuwa mahali pa jina. Ndiyo maana siku hizi twawaambia wachumba: nendeni pamoja, ingieni pamoja, ambianeni wenyewe. Sisi hatuulizi karatasi. Wenzetu wengine wa kazi hii hawakubali, wakisema twalegeza. Tumewajibu kwamba mtu anayelazimishwa hununua karatasi. Na karatasi za kununua katika nchi yetu hazikosekani.

Hata hivyo kungoja kwa siku nyingi hakujaisha. Kumebaki kwa watoto wachanga. Kile kipimo cha robo saa hakivioni vijidudu vyenyewe; chaona askari ambao mwili umewafanya kupigana navyo. Mtoto wa mama mwenye vijidudu huzaliwa na askari wa mama yake katika damu, nao hukaa hata miezi 18. Basi mistari miwili kwa mtoto haisemi neno la mtoto, yasema neno la mama. Ili kujua habari za mtoto, katika juma la sita huchomwa kisigino, matone ya damu hutiwa juu ya karatasi nene, hukaushwa, na karatasi husafiri mpaka penye mashini ya kutafuta vijidudu vyenyewe. Kwa miaka mingi mashini hizo zilikuwa chache sana katika Kongo, na damu za mikoa zilipelekwa Kinshasa. Toka Kitshanga mpaka Goma ni kadiri ya kilometa 80 za tope na vizuizi. Toka Goma mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1500. Na watoto walioambukizwa, wasipopata dawa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Mama mmoja wa jumuiya zetu alikuwa mmoja wa hao wangojao. Ametupa ruhusa kuandika. Karatasi ya mtoto wake iliondoka kwa pikipiki mvua za masika zilipoanza. Kila siku ya soko alipita kituoni kuuliza, huku akimpa mtoto dawa ya matone kama alivyoagizwa. Njia ya Sake ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Maharagi yakapandwa, yakavunwa. Mtoto alikuwa ameanza kutambaa siku ile mama alipotujia nyumbani na bahasha iliyokwisha kukunjwa mara nyingi. Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa. Muuguzi alikuwa amekwisha kumweleza, lakini alitaka kuisikia kwa mtu mwingine. Tukaisoma polepole, tukamwambia: mtoto hana vijidudu. Akatutazama, akamweka mtoto chini, akasema: Mwalimu, soma tena.